Ukaguzi wa Mke Mwenza

Jumatatu, Machi 2

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili ni la vipimo vya wateja wangu: mbele limejaa viuno na mabega ya watu, nyuma kulikuwa na kurasa tupu. Binti yetu ndiye aliyeniagiza kwa simu. "Mama, andika kila atakachosema fundi. Baba hawezi kusoma tena, na wewe ukikasirika unasahau." Sisahau. Nikikasirika ndipo ninapokumbuka vizuri zaidi, muulizeni wifi yangu. Lakini haya, nimeandika.

Mambo yako hivi. Mume wangu alikuwa rubani wa kunyunyizia mashamba dawa kwa miaka ishirini na saba. Kampuni ilipofungwa, wenzake walichukua kiinua mgongo, yeye akachukua ndege. Si ile ya kunyunyizia, bali ile waliyokuwa wakipandia mabosi: viti vinne, mabawa juu, mbavu za mbao zilizovikwa kitambaa kikapakwa rangi mpaka kikakaza. Siku alipoileta kwenye banda la kukodi nikaipa jina la Mke Mwenza, na sikukosea. Nguo mpya anavaa yeye, mafuta ya bei anapakwa yeye, na kila mwaka lazima apelekwe kwa mganga wake akaguliwe mwili mzima, awe ameruka au hakuruka.

Mwezi wa kwanza daktari alisema presha ya macho imemla mume wangu pande zote mbili. Afanyiwe upasuaji kabla ya mwezi wa sita, la sivyo atabaki gizani. Wanaoufanya ni hospitali ya kulipia, na sisi tulicho nacho ni Mke Mwenza peke yake. Bahati nzuri kuna daktari wa meno wa hapa mjini anayemtaka. Ana leseni ya kurusha, ana mke, ana mapacha wa kike. Bei ameikubali kwa sharti moja: ndege ipite ukaguzi wa mwaka. Cheti cha sasa kinaisha Aprili 30.

Basi ni kama shanga kwenye uzi mmoja. Ukaguzi, cheti, daktari wa meno, macho.

Jumatano, Machi 4

Fundi amekuja. Yule wa zamani, Mzee Grisi, alifariki mwaka jana, na alikuwa rafiki wa mume wangu wa kufa na kuzikana. Huyu mpya wanamwita Tochi kwa sababu mchana kweupe anatembea na tochi mkononi. Hata chai aliimulika kabla ya kunywa. Sijampenda.

Alhamisi, Machi 5

Mvua. Mteja wa sare hakuja kuchukua.

Jumatatu, Machi 9

Nilidhani kukagua ni kutazama. Nimefika bandani nikamkuta Mke Mwenza hana pua, hana sakafu, viti viko nje juu ya turubai, vifuniko vya tumboni vimepangwa chini kila kimoja na skrubu zake ndani ya kikopo. Nikashika kichwa.

"Mama, hii haikaguliwi kwa macho," Tochi akasema. "Inafunguliwa yote, halafu ndiyo tunajua."

"Na ukishafungua ukakuta kibovu?"

"Siwezi kufunga kibovu nikatia saini."

Hapo nikamwelewa, kwa kuwa na mimi ndivyo ilivyo. Mtu ananiletea gauni nipunguze kiuno tu, nikifumua mshono mmoja nakuta bitana imeoza, zipu imekufa, na yeye amesimama pale ananitazama kama mimi ndiye niliyeiozesha. Leo nilimtazama Tochi hivyo hivyo.

Silinda ya tatu inavuja pumzi. Anaijaza hewa, anasikiliza, anahesabu. Nyingine ziko sawa, hiyo inapumua kama mzee mwenye pumu. Lazima iagizwe mpya. Mume wangu alikuwa amesimama muda wote ameweka kiganja kwenye injini.

Jumatano, Machi 11

Cherehani yangu ya pili imeuzwa. Silinda imeagizwa.

Ijumaa, Machi 13

Vibovu vya leo: plagi zote nane. Waya mmoja wa usukani umechakaa pale unapopita kwenye kapi. Tairi la mkia. Betri.

Jumamosi, Machi 14

Mvua, na mpira wa mlango.

Jumatano, Machi 18

Leo Tochi amekata chujio la oili kwa msumeno mdogo, akalikunjua kama karatasi na kulimulika akitafuta vumbi la chuma. Vumbi likionekana, maana yake injini inajila yenyewe kwa ndani. Tulisubiri wote watatu. Hakuna kitu. Mume wangu akacheka kwa sauti na kumpiga Tochi begani, yaani alikusudia bega akampiga shingoni.

Nimerudi nyumbani na furaha hiyo, nikakata vitambaa vya sare. Rula yangu ya plastiki imepinda kwa joto la pasi, mistari inakwenda mrama. Kila nikiishika namkumbuka wifi. Nilikuwa na rula ya mbao ngumu ya marehemu mama yangu, yeye naye alikuwa fundi cherehani, ina shaba ncha zote mbili na alama ya kuungua ubavuni pale mama alipoweka pasi kwa bahati mbaya. Miaka kumi na moja iliyopita wifi alikuja kujikatia gauni mezani kwangu, na wiki hiyohiyo rula haikuonekana. Nilimuuliza, akaapa. Nikamuuliza tena mbele ya watu, na nilitumia neno ambalo mtu hamwambii wifi yake. Hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Mume wangu nilimwomba aamue, ni dada yake. Alisema mambo ya wanawake hayamhusu.

Jumanne, Machi 24

Silinda imefika, imefungwa, inapumua. Leo ilikuwa zamu ya kitambaa. Tochi ana kitu kama kalamu yenye sindano butu, anakibonyeza kwenye bawa hapa na pale kuona kama kitambaa bado kina nguvu. Kila akibonyeza moyo wangu unaruka.

Chini ya bawa la kulia, karibu na ncha, akasimama. "Hapa pana kiraka," akasema, akabonyeza mara mbili. "Kigumu kuliko bawa lenyewe. Mshono safi sana. Nani alifanya?"

"Mzee Grisi," mume wangu akajibu haraka. "Kimeandikwa kwenye daftari la ndege."

Mimi nilitabasamu peke yangu. Niliwahi kushona kiraka pale, miaka mingi iliyopita, mume wangu alipogonga bawa kwenye mlango wa banda. Kilikuwa cha muda tu, mpaka kitambaa maalum cha ndege kifike. Kilipofika, Mzee Grisi akabandua changu akashona chenyewe. Nikawaza, kumbe marehemu alikuwa na mkono mzuri hivi.

Jumamosi, Machi 28

Daktari wa meno amekuja na familia yake. Ni mtu mpole, anaongea taratibu kama anayeogopa kumtisha mgonjwa. Mke wake alibaki mlangoni na mwavuli akauliza swali moja tu, "Ni salama?" Tochi akamjibu, "Nikitia saini, ni salama." Nimeanza kumvumilia huyu kijana.

Mapacha wana miaka sita, wamepoteza meno ya mbele yaleyale. Nikawaambia baba yenu daktari wa meno hana huruma, wakacheka mpaka wakashikana. Viti vya nyuma vimesharudishwa ndani, nao wamegombania cha upande wa kulia. Aliyeshinda amepeperusha mkono dirishani akiaga watu waliobaki chini, na waliobaki chini ndio sisi.

Jumanne, Machi 31

Mvua ya mawe. Banda linavuja. Tumemfunika Mke Mwenza kwa mashuka yangu mwenyewe.

Ijumaa, Aprili 3

Nimeandika na kufuta mara mbili. Acha niandike ilivyokuwa.

Tochi alisema kilichobaki ni karatasi. Kila kilichowahi kufanywa kwenye ndege kimeandikwa kwenye madaftari yake, na yeye anataka orodha ya matengenezo yote ya mabawa. Madaftari yako kwetu, matatu, jalada la bluu. Mume wangu haoni maandishi, kwa hiyo baada ya chakula cha mchana tukakaa mezani, mimi nasoma kwa sauti, yeye ananiambia lipi niandike kwenye karatasi ya Tochi.

Ilikuwa raha, nisiseme uongo. Kila tarehe alikuwa na hadithi yake. Hapa alitua kwenye barabara ya shamba, hapa nyuki waliingia kwenye bomba la hewa, hapa tulikwenda sote watatu kumwona mjukuu wa kaka. Alikuwa anacheka, amefumba macho. Nikafungua ukurasa mwingine nikasoma: "Bawa la kulia, chini, karibu na ncha. Kitambaa kilichochanika kimeondolewa. Kiraka kipya kimeshonwa kwa kitambaa na uzi ulioidhinishwa." Tarehe. Saini ya Mzee Grisi.

Nikaisoma tena ile tarehe. Ilikuwa Jumapili. Naikumbuka Jumapili hiyo kwa kuwa ndiyo niliyosimama juu ya kreti bandani na sindano kubwa, kichwa juu, shingo inaniuma, nashona kwa kitambaa cha mapazia kilichobaki kwenye kazi ya shule, na uzi wa sare. Kitambaa cha ndege, kama kilikuja, kilikuja baada ya mwezi. Niliambiwa hivyo. Sasa mbona kiraka kipya kiliandikwa siku ileile ya kiraka changu?

Nikanyanyua kichwa. Mume wangu alikuwa ameacha kucheka. Macho yake haya hayaoni kurasa, lakini yalikuwa yamenielekea sawasawa.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nilisoma madaftari yote mpaka mwisho kwa sauti isiyo yangu.

Jumamosi, Aprili 4

Nimekwenda bandani Tochi akiwa amekwenda kununua skrubu. Nimepanda juu ya kreti nikapitisha vidole chini ya bawa. Rangi ni nzito lakini mshono unapapasika. Mimi nikimaliza mshono hurudi nyuma hatua tatu, halafu nafunga fundo upande wa kushoto. Alinifundisha mama. Nimeshona hivyo miaka arobaini, na mpaka leo sijamwona mtu mwingine anayeshona hivyo.

Hatua tatu nyuma. Fundo, kushoto.

Jumapili, Aprili 5

"Kitambaa chenyewe kilikuja lini?" nilimuuliza asubuhi.

"Kitambaa gani?"

"Usinichezee."

Akazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari. "Hakikuja," akasema.

"Uliniambia kilikuja. Uliniambia changu kimebanduliwa."

"Pesa ya kitambaa ilikuwa ada ya binti, bibie. Ilikuwa kitambaa au chuo. Ungekuwa wewe ungechagua kipi?"

"Ningechagua kukaa chini! Tungempeleka kwa basi! Wewe ukampakia mwanangu na sanduku lake chini ya bawa la mapazia!"

"Na akafika," akasema. "Miaka kumi na moja kiraka chako kimekaa. Kijana amekibonyeza mwenyewe, umemsikia. Kigumu kuliko bawa."

Hilo ndilo linaloniudhi. Kama ni mshono, najua umeshika, ni wangu. Lakini mimi nilishona pazia. Sikushona kitu cha kumbeba mtoto wa mtu juu ya miti. Hakuna aliyeniambia tofauti yake ni ipi, na Mzee Grisi aliyeijua aliiandika uongo akatia saini.

"Usiseme," mume wangu akasema. "Nakuomba. Mwezi wa sita si mbali." Akanyoosha mkono kushika wangu, akashika bakuli la sukari. Akaliacha palepale kama vile alikuwa amelikusudia.

Jumatatu, Aprili 6

Mvua.

Jumanne, Aprili 7

Mvua. Nimeshona sare sita. Zote nimeziangalia mara mbili.

Ijumaa, Aprili 10

Nikisema, hana macho. Nisiposema, wale watoto wanakaa chini ya bawa la kulia. Nimezunguka meza ya kukatia siku nzima kama kuku aliyefungwa mguu.

Jumatano, Aprili 15

Binti amepiga simu. Amesema amekopa kazini lakini hata robo haifiki, akalia. Nikamwambia usilie mwanangu, ndege inauzwa. Wakati huo baba yake alikuwa anajimiminia chai. Aliimimina pembeni ya kikombe, polepole, kwa uangalifu wote, mpaka ikafika ukingo wa meza na kumwagikia mapajani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Imejaa?"

Leo sitasema. Nimeamua. Hata kesho sitasema.

Alhamisi, Aprili 16

Sijasema.

Jumanne, Aprili 21

Tochi ameunganisha injini na kuiwasha nje ya banda, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Iliwaka mara ya kwanza. Mume wangu alisimama nyuma, upepo wa panga la injini ukimpigapiga shati, na machozi yakamtoka, akasema ni upepo. Tochi ameniambia pembeni, "Mama, Ijumaa natia saini. Hii ndege nilidhani haitapita. Mmejikaza kweli." Nikataka ardhi inimeze.

Daktari wa meno amepiga simu kuuliza Ijumaa saa ngapi. Nyuma yake nilisikia sauti nyembamba inauliza kama mwanasesere naye anafungwa mkanda.

Alhamisi, Aprili 23

Nimeamka nikachukua mkasi wangu mkubwa, ule wa kukatia suti, nikauweka kwenye mkoba. Mume wangu aliusikia. Mtu akikosa macho masikio yanachukua zamu. "Unakwenda kukata nini?" akauliza. Nikamwambia, "Nguo ya mke mwenzangu." Hakucheka, wala hakunizuia. Aliinuka akaanza kutafuta viatu.

Sikumsubiri. Nilifika bandani nimelowa. Tochi alikuwa anajaza fomu juu ya pipa, tochi ameibana kwapani.

"Fundi," nikamwambia, "ule mshono ulioupenda ni wangu."

Akadhani natania. Nikampa yote: mlango wa banda, Jumapili, pazia, uzi wa sare, daftari. Nilisema upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu. Akaweka kalamu chini. Hakunikemea, na ingekuwa afadhali angenikemea. Alisema tu, "Daftari lina saini."

"Saini ni ya marehemu. Mkono ni wangu. Nipe kreti."

Nikapanda. Nikalitafuta fundo la kushoto kwa kidole, nikaingiza ncha ya mkasi, nikakata. Rangi ilipasuka kama ganda la yai. Nikafumua, hatua tatu, halafu mshono wote unavyozunguka, na kitambaa cha mapazia kikaning'inia, maua yake ya bluu bado mazima kwa ndani. Maji machafu yakanidondokea usoni. Yalikuwa na harufu ya mbao iliyooza.

Tochi akanishusha, akapanda yeye, akaingiza tochi na uso wake wote ndani ya bawa. Akakaa humo muda mrefu. Nilikuwa nasikia mvua juu ya bati na viatu vya mume wangu vikija mlangoni, mkono wake ukipapasa ukuta.

"Ubavu umevunjika," Tochi akasema kutoka ndani. "Umevunjika kabisa. Na boriti ya nyuma imeoza kwa unyevu. Kuna ubao mtu ameufunga kama banzi la mguu uliovunjika." Akasogeza tochi. "Mama, huu ubao una namba."

"Namba gani?"

"Hamsini na saba. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Na mwisho wake kuna shaba."

Sikuhitaji kuuona. Nilijua hata upande ambao ungekuwa umeungua.

Tochi akazungusha skrubu mbili, akaivuta, akanikabidhi. Ilikatwa kwa msumeno upande mmoja, imetobolewa matundu mawili, imejaa gundi. Alama ya pasi ya mama yangu ipo. Miaka kumi na moja nimemwita mwanamke mwizi, na rula ilikuwa inaruka angani juu ya vichwa vyetu ikitushikilia mume wangu, mwanangu na mimi.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamtiririka. Alikuwa amesikia namba.

"Ilikuwa na urefu uleule," akasema. "Niliifunga ndani zaidi, usiku, kabla hujaja kushona."

"Na dada yako?"

"Nilitaka kuirudisha. Kila mwaka nikasema, ukaguzi ujao. Halafu nikaona labda mtapatana wenyewe."

Nilikaa juu ya kreti. Tochi alichukua zile fomu, akazikunja mara mbili na kuzitia mfukoni, taratibu, kama anayefunika mtu. Halafu akaenda akamshika mume wangu mkono na kumkalisha kwenye kiti cha ndege kilichokuwa bado kiko nje. Cha kushoto, cha rubani.

Nilimchukia kijana huyu mwezi mzima kwa kuwa alikuwa anakuta makosa. Tangu Mke Mwenza afike kwetu, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyemulika kweli.

Ijumaa, Aprili 24

Daktari wa meno ametuma ujumbe wa maneno mawili. "Nimesikia. Asante."

Jumatatu, Aprili 27

Tochi amepiga hesabu ya kuvua mabawa yote, kubadilisha boriti na kuvika upya. Inashinda bei ya ndege nzima. Mume wangu alimwomba arudie kuisoma. Akairudia. Haikupungua.

Alhamisi, Aprili 30

Cheti kimeisha leo. Mvua imeshinda inanyesha, kwa hiyo hata kama kingekuwepo asingeruka mtu.

Jumatano, Mei 6

Nimekwenda kwa wifi. Nilifunga rula kwenye gazeti, nikabisha hodi kama mgeni. Amezeeka. Na mimi pia, niliona jinsi alivyonitazama. Hakusogea mlangoni.

"Umekuja kupima nini?" akauliza.

Nikafungua gazeti. Nikamwambia ilikuwa wapi na nani aliiweka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, akaniambia nirudie pale kwenye namba, nikarudia, akacheka tena. Halafu kicheko kikageuka, akawa analia mikono usoni, na mimi nimesimama na gazeti langu sijui niliweke wapi.

"Ningekufa nikiwa mwizi," akasema. "Mama yetu alikufa ananiuliza, mwanangu, rula uliipeleka wapi? Alikufa hajui."

"Nisamehe, wifi."

"Leo sikusamehi," akasema. "Leo nina hasira. Ngoja kwanza niwe nayo." Akajipangusa. "Macho yake yanasemaje?"

Jumanne, Mei 12

Tochi ameuza injini na kiwiliwili cha ndege kwa shule ya urubani, pamoja na ile silinda mpya iliyokula cherehani yangu. Ameleta bahasha. Amekata humo ujira wake wote, hakutusamehe hata senti, na ameandika stakabadhi. Nimeihesabu nikampa chai, akaimulika, akainywa.

Inatosha jicho moja.

Ijumaa, Mei 15

Tumerudisha banda. Mabawa hayakupata mnunuzi, Tochi ameyakata kwa msumeno ili yaingie kwenye gari la taka. Mume wangu alitaka awepo. Alisimama akisikiliza mpaka la pili likaisha. Nimebaki na kile kipande cha pazia na rula.

Jumatano, Mei 20

Mvua imekatika. Hospitali ina sakafu inayong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Wifi alikuja bila kuitwa, akamshika kaka yake mkono wa kulia, mimi nikashika wa kushoto. Sisi wawili hatukusemezana, ila korido ilipokuwa nyembamba tulipishana kwa adabu.

Daktari ni dada mdogo tu, umri wa binti yetu. Ameyapima tena macho yote mawili. Amesema yako sawa kwa ubaya na sawa kwa matumaini. Kwa malipo tuliyofanya atafanya moja, na lingine, kwa kasi linavyokwenda, halitasubiri. Akauliza tumeamua lipi.

Nilidhani mume wangu ataniuliza mimi. Mambo yote makubwa hunigeukia mwishoni, baada ya kuyaharibu. Hakunigeukia.

"La kushoto," akasema.

"Kuna sababu, mzee?" daktari akauliza, kalamu mkononi. "Nijaze tu kwenye fomu."

"Dirisha langu liko kushoto."

Wifi alinitazama juu ya kichwa cha kaka yake. Ni mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja anitazame bila hasira. Nikatikisa kichwa asimkumbushe kuwa dirisha hilo halipo tena. Daktari akaandika kushoto, akageuza fomu, akamwekea mume wangu kidole kwenye mstari ili ajue pa kutia saini.